BMW E90 huku kusini: maswali ninayoulizwa gereji kila wiki

Malipo ya korosho yakishaingia, sura mpya huanza kupiga hodi gereji kwetu Mtwara. Magari mengi ni Toyota, ambayo fundi wa mtaani anaweza kuyafungua akiwa amefumba macho. Lakini sedani ndogo za kifahari nazo zinaongezeka, na ninayoiona zaidi ni BMW ya mfululizo wa 3 yenye umbo la E90, iliyotengenezwa kuanzia 2005 hadi 2011. Wenyewe wanatoka Shangani, Lindi mjini, Masasi, hata Newala, na karibu wote wanauliza mambo yaleyale.

Gari hili si bovu kama linavyosemwa vijiweni. Kinachoniumiza ni kuona gari lililo zima linakufa kwa sababu matengenezo yaliahirishwa. Toyota yenye rejeta inayovuja itakuvumilia hata miezi. Hili halikuvumilii, na spea ziko Dar, zaidi ya kilomita 550 kutoka hapa.

Gari langu ni 320i, la jirani ni 325i. Si injini ileile?

Hapana, na ukikosea hapo utanunua spea isiyo yako. 320i nyingi zilizotoka Japani zina injini ya silinda nne iitwayo N46. 323i na 325i nyingi zina N52 ya silinda sita. Bloku ya N52 imetengenezwa kwa magnesiamu na alumini ili iwe nyepesi, kwa hiyo boliti zake nyingi ni za alumini na hutumika mara moja tu. Fundi akikurudishia boliti za zamani, au akaweka za chuma alizookota kwenye kopo, mwambie aache. Chuma kikigusana na magnesiamu penye unyevu wa pwani, magnesiamu inaliwa.

Mbona dashibodi haina mshale wa joto? Nitajuaje kama linachemsha?

Swali hili ningependa kila mwenye E90 aliulize siku ya kwanza. Ni kweli, mshale wa joto hakuna. Kuna taa tu: ya njano inasema joto limepanda, punguza mwendo, nyekundu inasema simama sasa hivi na uzime injini. Kabla ya taa kuwaka, mara nyingi utasikia feni ya mbele inavuma kwa nguvu zake zote hata kama unakwenda polepole.

Mwalimu mmoja alikuwa anatoka Lindi kurudi Mtwara na watoto nyuma. Walipopita Mingoyo akasikia mvumo mbele, akadhani ni upepo wa kusi. Taa ya njano ikawaka, akajipa moyo kwamba Mikindani si mbali. Gari lilifika kwangu juu ya lori. Nilipofungua kifuniko cha kujazia oili nilikuta uji mweupe umeganda kwa ndani, mzito kama tui la kwanza. Maji yalikuwa yameshaingia kwenye oili. Angesimama pale taa ya njano ilipowaka, angelipia pampu ya maji peke yake. Alilipia pampu, gasketi ya silinda hedi, boliti zote, na hedi ikapelekwa Dar kusagwa kwa sababu ilikuwa imepinda.

Kwenye N52 pampu ya maji ni ya umeme, haizungushwi na mkanda. Inaweza kufanya kazi vizuri asubuhi na ikakata jioni bila kuvuja hata tone. Wenye uzoefu huibadilisha pamoja na themostati yake (vali inayofungulia maji injini ikishapata joto) gari likikaribia kilomita 100,000 hadi 150,000, bila kusubiri ife. Kwa mtu wa Mtwara nashauri hivyohivyo, maana ikikufia katikati ya Somanga na Nangurukuru hakuna wa kukuuzia. N46 ina pampu ya kawaida ya mkanda, ambayo huanza kwa kuvuja au kulia, kwa hiyo angalau inakupa taarifa.

Tangi la plastiki la maji nalo litazame. Likizeeka hupasuka kwenye mshono, na ufa mwanzoni huwa mwembamba kama unywele. Utaona alama nyeupe au ya bluu iliyokauka kabla hujaona maji yanadondoka.

Taa ikiwaka njiani nifanye nini?

Zima AC. Washa hita mpaka mwisho, ndiyo, hata kama ni saa saba mchana Februari, kwa sababu hita ni rejeta ndogo ya pili. Tafuta kivuli, simama. Ikiwa nyekundu, zima injini palepale ulipo. Usifungue kifuniko cha tangi likiwa la moto; maji yale yako kwenye presha na yanababua uso.

Baada ya kazi ya maji, N52 lazima itolewe hewa kwa utaratibu wake. Weka chaja kwenye betri, washa swichi bila kuwasha injini, hita iwe kwenye joto la juu kabisa na feni ya ndani kasi ya chini, kisha kanyaga pedeli ya mafuta mpaka chini kwa sekunde 10. Utasikia pampu inaanza kuzunguka yenyewe, na itaendelea kwa dakika 12 hivi. Fundi anayejaza maji, anafunga kifuniko na kukuambia “tayari bosi” bila kufanya hivyo amekuachia hewa ndani.

Fundi wangu anasema atoe themostati kwa kuwa huku ni joto. Akubaliwe?

Asikubaliwe. Themostati ya gari hili inaongozwa na kompyuta. Ukiitoa, injini haifiki kwenye joto lake, kompyuta inadhani bado ni baridi, inaongeza petroli, na taa ya cheki injini inawaka. Kama gari linachemsha, kuna kitu kibovu na kitafutwe.

Na usijaze maji ya kisima. Visima vyetu vingi vya pwani vina chumvi, na chumvi inakula alumini kutoka ndani. Tumia kulanti na maji yaliyosafishwa, nusu kwa nusu.

Nikisimama kwenye taa za barabarani nasikia harufu ya oili inaungua. Chini ya gari pakavu.

Pakavu kwa sababu oili haifiki chini. Gasketi ya kifuniko cha valvu imekauka, oili inateremka polepole kwenye bomba la moshi na kuungulia hapo. Kwenye N46 angalia pia pampu ya vakyumu (inayosaidia breki) iliyo nyuma ya hedi, inavuja sana na watu wengi huibadilisha gasketi ya juu bure wakati tatizo lilikuwa pale.

Kwenye N52 kuna sehemu ya tatu, nayo ndiyo ya hatari: gasketi ya nyumba ya filta ya oili. Inapovuja, oili hudondokea mkanda. Mkanda ukilowa unateleza, unakatika nyuzi, na nyuzi zile zinaweza kujisokota na kuingia nyuma ya puli mpaka kwenye sili ya mbele ya injini. Gasketi yenyewe ni kipande kidogo cha mpira. Ukiona mkanda wako unang’aa kwa mafuta, usisubiri mwisho wa mwezi.

320i yangu inatoa moshi wa bluu asubuhi, na oili inapungua.

Fanya jaribio hili. Injini ikiwa imepata moto, iache inaunguruma bila kukanyaga mafuta kwa dakika kumi, kisha mtu asimame nyuma na wewe ukanyage mara moja kwa nguvu. Wingu la bluu likitoka halafu likaisha, sili za valvu zimekuwa ngumu. Ni ugonjwa unaojulikana wa N46. Kuzibadilisha ni kazi ya siku nzima au zaidi kwa fundi anayeujua mfumo wa valvu wa gari hili, na hedi si lazima ishuke. Kama moshi hauishi, shaka ihamie kwenye ringi za pistoni.

Usikubali kuongezewa oili nzito ili “izibe”. Inaziba masikio yako tu kwa wiki mbili.

Nimetafuta dipstiki (kijiti cha kupimia oili) sijaiona.

Za silinda sita hazina. Kiwango cha oili kinasomwa kwenye skrini ndogo ya dashibodi, injini ikiwa ya moto na gari likiwa sehemu tambarare. N52 inachukua lita 6.5. N46 inachukua kama lita 4.25. Nimewahi kupokea N52 iliyojazwa galoni moja ya lita nne kwa sababu fundi alizoea hivyo.

Oili iwe ya sinthetiki yenye alama ya LL-01 (kibali cha BMW), 5W-30 au 5W-40. Kiwanda kiliruhusu hadi kilomita 25,000 kabla ya kubadilisha. Kwa joto letu na vumbi la Tandahimba, mimi nabadilisha kila 8,000.

Injini inatetemeka na cheki injini inawaka. Nimeambiwa ninunue koili zote za kuwashia cheche.

Usinunue chochote bado. Gari lipimwe kwa mashine, isomwe ni silinda ya ngapi inayomisi, yaani isiyochoma mafuta sawasawa. Tuseme ni ya pili. Hamisha koili ya pili uiweke kwenye ya tatu, na ya tatu uirudishe kwenye ya pili, kisha endesha. Tatizo likihamia silinda ya tatu, koili ndiyo mbovu: nunua moja. Likibaki palepale, hamisha plagi kwa mtindo huohuo. Likibaki tena, angalia injekta na uvujaji wa hewa. Jaribio lote halizidi nusu saa. Nimeona wamama wafanyabiashara wameuziwa koili nne na plagi nne wakati ubovu ulikuwa soketi moja iliyolegea. Pesa ile mtu ameitoa jasho.

Nimenunua betri mpya, baada ya miezi michache imekufa.

Kwanza: je, ilisajiliwa? Kompyuta ya gari hili inaweka kumbukumbu ya umri wa betri, na inaichaji kulingana na umri huo. Ukiweka mpya bila kuiambia, inaendelea kuichaji kama kikongwe. Usajili ni kazi ya dakika tano kwa mashine yenye programu ya BMW. Kama umebadilisha ukubwa au aina ya betri, hilo nalo liandikwe.

Pili: linalala? Ukizima gari na kulifunga, baada ya nusu saa hivi kompyuta zote zinapaswa kusinzia na umeme unaotumika usizidi miliampia 50 hivi. Ukikuta nusu ampia bado inatoka, kuna kitu kiko macho. Mara nyingi ni redio ya kuchomekea, kifaa cha kufuatilia gari au kengele iliyofungwa kwa kukata waya ovyo.

Betri iko kwenye buti, upande wa kulia. Kwenye nguzo ya hasi kuna sensa ndogo. Usiigonge kwa nyundo wala usiichokonoe kwa bisibisi, ni laini. Na bomba jembamba la kutolea gesi lirudishwe mahali pake, maana betri iko ndani ya gari mnamolala watoto safarini.

Tumelibusti (kuliwasha kwa betri ya gari jingine), sasa vioo havishuki na taa za mbele zinawaka zenyewe hazizimiki.

Pole. Kompyuta ndogo inayoongoza taa na vioo, mafundi tunaiita FRM, imepoteza kumbukumbu yake. Hutokea umeme unaposhuka chini sana, au ukikatwa na kurudishwa kwa kushtukiza. Imejificha nyuma ya plastiki karibu na miguu, mbele.

Usikimbilie kununua mpya. Mara nyingi chombo chenyewe ni kizima, kilichoharibika ni maandishi yaliyomo ndani. Fundi wa elektroniki mwenye kifaa sahihi anasoma kilichobaki, anakirekebisha na kukiandika upya. Mtwara tunaifungua tunaituma Dar kwa basi la alfajiri, na ikirudi inafungwa, gari linakumbuka kila kitu.

Mara nyingine ukitaka kubusti, usiguse betri ya kwenye buti. Chini ya boneti kuna nguzo yenye kofia nyekundu kwa ajili hiyo, na hasi inashikwa kwenye chuma kilichotengwa cha bodi. Gari linalosaidia liwe limezimwa wakati wa kuunganisha. Na kamwe usigeuze waya.

Taa ya nyuma inaambiwa imeungua, nimebadilisha balbu bado.

Chomoa soketi ya taa, itazame juani. Tafuta waya wa kahawia. Kwenye magari ya Kijerumani kahawia ni waya wa ethi, yaani hasi. Utakuta plastiki kuuzunguka imeyeyuka na kuwa ya manjano iliyochomeka, na pini yake imekuwa nyeusi kama kibiriti kilichotumika. Pini ile ni nyembamba kuliko umeme wa taa zote unaopita hapo, ikishika kutu kidogo inapata moto. Nakata, naweka waya mnene zaidi na pini mpya, nasafisha upande wa taa kwa msasa laini. Ukibadilisha soketi bila kusafisha ule upande wa pili, itarudi.

Usukani umefunga na gari haliwaki kabisa.

Kuna kufuli ya umeme ya usukani. Ikishindwa kufunguka, kompyuta haikubali stata izunguke. Wenye Mercedes C-Class W204 wanaujua ugonjwa huu zaidi: unaingiza ufunguo, hauzunguki, kimya. Kama siku moja inagoma na kesho inakubali, lete mapema ikiwa bado inafunguka. Ikishagoma moja kwa moja, kazi ni mara tatu.

Giaboksi inashtua ikiteremka kutoka ya tatu kwenda ya pili.

Umeambiwa oili yake ni ya maisha? ZF, waliotengeneza giaboksi nyingi za gari hili, wenyewe wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Filta imeunganishwa na sahani ya plastiki ya chini, vinabadilishwa pamoja. Oili iwe ya ZF au inayolingana nayo. Ile nyekundu ya pipa inayowekwa kwenye kila gari itakuharibia. Baadhi ya E90 zina giaboksi ya GM, kwa hiyo soma kibao chake kabla ya kununua.

Barabara ya vumbi italiua?

Haitaliua, itakula bushi (mipira ya maungio) za mbele. Usukani ukitetemeka unapofunga breki na disiki ni nzima, kagua bushi za mikono inayoshika tairi za mbele; zina majimaji ndani, na zikipasuka utaona weusi umechuruzika.

Kubwa zaidi ni tairi. E90 ilitoka kiwandani na tairi za ranifleti, zinazoweza kutembea kidogo hata bila upepo, na bila tairi la spea. Ikipata pancha unaweza kwenda usizidi kilomita 80 kwa saa, na ukiwa umejaza abiria na mizigo utafika umbali wa kama kilomita 50 tu. Kutoka Mtwara mpaka Masasi ni karibu 200. Weka tairi la spea, jeki na spana kwenye buti hata kama vinakula nafasi ya mizigo.

Naishi karibu na bahari. Chumvi je?

Osha chini ya gari kwa maji yasiyo na chumvi mara mbili kwa mwezi, zaidi kama unapita mchangani Msimbati. Usipige maji ya presha kwenye injini. Yanaingia kwenye koili na soketi, na Jumatatu unarudi gari linamisi. Gari likilala chini ya mwembe au mkorosho, majani huziba mirija ya kutolea maji ya dirisha la paa, mvua ikinyesha zulia linalowa. Zulia likinuka ukungu, usipulizie manukato. Inua uangalie nyaya zilizo chini yake.

Redio haishiki stesheni nyingi.

Redio ya gari la Japani inasoma FM ya 76 hadi 90 MHz tu. Inaweza kubadilishwa kwa programu.

Nikiagiza spea Dar nitajuaje ni yenyewe?

Usitume picha ya gari, tuma namba ya chasisi. Tarakimu na herufi saba za mwisho ndizo zinazotofautisha gari lako na lingine. Muuzaji wa Kariakoo anayejua kazi ataziomba kabla hujaongea bei. Asiyeziomba anabahatisha, na wewe ndiye utakayelipia basi kwenda na kurudi.

Taa ya eabegi haiwaki. Basi eabegi ziko salama?

Si lazima. E90 ni mojawapo ya magari yaliyoitwa kurudishwa kwa sababu ya eabegi zilizotengenezwa na Takata. Kemikali iliyo ndani ya chombo cha kulipulia, amonium naitreti, inaharibika ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevunyevu. Ikilipuka siku ya ajali inaweza kupasua chombo chenyewe na kurusha vipande vya chuma usoni kwa dereva. Taa ya dashibodi haiwezi kuliona hilo. Na joto na unyevunyevu ndiyo hali ya hewa ya Mtwara na Lindi, mwaka mzima.

Kama bado hujanunua, mwambie anayekuuzia akuonyeshe kwamba kazi hiyo ilishafanyika Japani. Kama tayari unalo, namba yako ya chasisi inaweza kuangaliwa kwenye mfumo wa kampuni mtandaoni, na kubadilisha chombo hicho ni kazi ya wakala rasmi bila malipo. Usimruhusu fundi yeyote, hata mimi, aichokonoe kwa mkono. Njoo na kadi ya gari wakati wowote tuko wazi, tutaisoma namba pamoja, na kwa hilo sitozi kitu.